Ukanda Mvua

Saa saba mchana mwezi wa Februari, mabati ya Kibera, Nairobi, hayashikiki. Chini yake, hewa ya chumba hupata moto, hutanuka, huwa nyepesi na kupanda darini. Mlango ukifunguliwa, hewa ya nje huingia kwa chini, na ile ya moto hutorokea juu, penye mwanya kati ya ukuta na bati. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili huuita mwendo huo myuko.

Upepo wa dunia huanza vivyo hivyo. Jua huipiga ikweta karibu wima. Hewa hupanda, huacha mgandamizo mdogo, na hewa ya kaskazini na ya kusini huja kuziba pengo. Ile iliyopanda hupoa, mvuke wake hugeuka mawingu na mvua, kisha husafiri juu kwa juu na kushuka ikiwa kavu kwenye latitudo ya nyuzi 30 hivi, iliko Sahara. Mwingereza George Hadley aliueleza mzunguko huo mwaka 1735, akatambua pia kwamba kuzunguka kwa dunia huupinda upepo. Kaskazi na kusi za mabaharia wa Lamu ni ndugu wa pepo hizo, ila zenyewe hugeuzwa kila msimu na joto la bara la Asia.

Mahali pepo za pande mbili zinapokutana, watabiri wa hali ya hewa wa Tanzania hupaita Ukanda Mvua. Katika jina lake, Kiingereza kimetaja makutano. Kiswahili kimetaja kinachodondoka. Ni tafsiri nzuri, maana mama wa Kawangware anayeanika nguo anataka kujua habari ya mvua kwanza. Upungufu wake ni mmoja: jina halidokezi kwamba ukanda huo huhama, ukilifuata jua. Huivuka Nairobi mara mbili kwa mwaka, ndipo zikawepo mvua ndefu za Machi hadi Mei na fupi za Oktoba hadi Desemba.

Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, katikati ya Kawangware na Kibera. Hata hivyo, watafiti waliopima joto Kibera, Mathare na Mukuru mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 walikuta mitaa hiyo ina joto kuliko kituo cha Dagoretti. Mabati mengi na miti michache ni sehemu ya sababu.

Mwezi huo wa Februari, mabati yasiposhikika, Ukanda Mvua huwa bado uko kusini, ukinyeshea Ruvuma na Mtwara.