Papasi wa Njia ya Misafara na Kima Walioumwa

Wazee wetu wa Unyamwezi waliochukua pembe kutoka Tabora hata Bagamoyo walimwogopa simba. Lakini yuko adui mdogo aliyewangoja usiku katika vibanda vya kambi. Papasi hujificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta. Watu wakilala hutoka, akanyonya damu, akarudi mafichoni kabla ya mapambazuko. Baada ya siku kadhaa mtu hushikwa na homa kali. Humwacha, akadhani amepona, kisha humrudia. Na kila kibanda kilipokea wageni wapya mahali pa wale wa jana.

Wenyeji walimshuku papasi tangu zamani, ila waganga wa Kizungu walitaka ushahidi. Mwaka 1904 Ross na Milne, huko Uganda, waliona vijidudu vya homa hiyo katika damu ya wagonjwa. Kisha Dutton na Todd, katika Kongo, waliwaacha papasi wawaume kima, na kima wakaugua. Dutton mwenyewe alipatwa na homa ile ile, akafa tarehe 27 Februari 1905 katika Kasongo, mji wa misafara kama Tabora yetu. Mwaka huo huo Koch alikagua vituo vya misafara katika nchi hii, akawakuta papasi; naye akatumia kima. Jambo lililopatikana ni kubwa: papasi mchanga aliyetoka yaini, asiyeonja kamwe damu ya mgonjwa, aliweza kumwambukiza kima. Maana yake nyumba yaweza kukaa bila mgonjwa, na ugonjwa umo ukutani.

Je, ilikuwa halali? Kima hakuulizwa. Sisi twajibu ndiyo, lakini kwa shingo upande. Maana habari ya yai ingalijulikanaje pasipo kiumbe wa kuumwa? Kama si kima, angalikuwa mtu.

Wala kuumwa kwa mnyama hakukumwokoa mtu sikuzote. Dawa ya malale iitwayo Atoxyl ilikwisha kujaribiwa kwa wanyama huko Liverpool, Koch alipowapa wagonjwa wa visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907. Akaongeza kipimo, na wagonjwa 22 wakapofuka. Na karibu nasi, Tinde, upande wa Shinyanga, tangu mwaka 1934 vijidudu vya malale vilipitishwa kwa mbung'o katika kondoo na swala, ili ijulikane kama vitapoteza nguvu ya kumdhuru mtu. Ili kupima, mbung'o wale waliachwa wawaume watu, wakaugua, wakatibiwa. Wameandikwa kuwa ni watu wa hiari. Hiari ya mkulima mbele ya daktari wa serikali, siku zile za ukoloni, ni hiari ya namna gani?

Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg, ilipowahukumu madaktari wa Kijerumani, iliweka kwamba mtu asijaribiwe pasipo ridhaa yake, na kwamba majaribio ya wanyama yatangulie. Ndivyo mzigo ulivyoshushwa mabegani mwa mtu, ukatwikwa mnyama.

Mpagazi wa zamani alipewa posho, na jioni aliweka mzigo chini. Kwa kima na panya wa maabara twaomba angalau hayo: wasiumizwe mara ya pili kwa jambo lililokwisha kujulikana, wapewe dawa ya kuondoa maumivu ifaapo, na idadi yao iandikwe.