Picha Isiyoiga Kitu: Tatizo la Istilahi Wilayani Tarime na Serengeti

Mara nyingi istilahi hutufikia kabla ya kitu chenyewe. Mfasiri hupewa kitabu, akakutana na neno geni, akalitafutia la kulilinganisha. Na kitu kinapowasili baadaye hukuta jina lake limekwisha kuandikwa, liwe lakifaa au halikifai. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa uchoraji usioiga sura ya mtu, mnyama wala mti. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya uchoraji huo, historia ya rangi ya akriliki ambayo imeurahisisha, na hali ya maneno yanayoutaja katika Kiswahili. Tutaitazama habari hiyo kutoka wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa sababu huko mambo yote matatu yanaweza kuonekana kwa pamoja.

Neno linalotumika sana leo ni "dhahania". Mzizi wake ni wa Kiarabu, nao unahusu akili au fikira. Walimu wa sarufi wamelizoea: wema, haki na uvivu ni nomino dhahania, maana haviguswi wala havionekani. Lakini katika lugha za Ulaya, jina la uchoraji huu lina mzizi mwingine. Latoka katika Kilatini "abstrahere", yaani kuvuta kitu na kukitoa mahali kilipokuwa. Mchoraji huvuta rangi, mstari na umbo kutoka katika vitu, akaviacha visimame peke yake. Kwa hiyo picha ya namna hii haimo akilini tu. Ipo ukutani, ina urefu na upana, na ukiigusa kabla haijakauka itakuchafua vidole.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mwalimu. Mtoto wa Tarime aliyekulia katika Kikuria, au wa Serengeti aliyekulia katika Kiikoma, Kinata au Kingoreme, hulisikia neno "dhahania" kwa mara ya kwanza katika somo la lugha. Akiambiwa achore picha dhahania, ana haki ya kuelewa kwamba anatakiwa achore kitu cha kufikirika: zimwi, malaika au ndoto. Lakini zimwi lenye macho na meno bado ni mfano wa kitu. Mwanafunzi atakuwa ametii neno na kukosa somo, na kosa litakuwa la istilahi.

Historia ya uchoraji wetu inatusaidia kuelewa kwa nini upungufu huu haukuonekana mapema. Shule ya uchoraji ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, iliwahimiza wanafunzi wasimulie maisha ya kwao. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyesoma na kufundisha hapo, alichora watu wakilima, wakivuna na wakipeleka pombe ya ndizi arusini. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, alijaza vibao vyake ndege na wanyama mpaka alipofariki mwaka 1972. Kazi hizi zote zilikuwa na majibu kwa swali la "Hii ni picha ya nini?" Kiswahili cha uchoraji kilikua pamoja nazo, na swali hilo likawa ndilo kipimo.

Hata hivyo lugha yenyewe ilikuwa na maarifa ya zamani zaidi. Kitenzi "kuchora", kabla ya kuzoeleka kwa kazi ya kalamu na karatasi, kilitumika kwa kukata na kutia alama katika mti. Na tunalo neno "nakshi". Fundi wa milango wa Lamu au Unguja aliyekata pembe, duara na mawimbi katika mhimili wa mlango hakuulizwa anaiga nini. Waswahili walijua kwamba mpangilio wa maumbo unaweza kuridhisha macho bila kufanana na kitu chochote. Nakshi, hata hivyo, hupamba kitu kingine. Ukiuondoa mlango, nakshi nayo haina pa kukaa. Picha tunayoizungumzia haipambi chochote. Yenyewe ndiyo kitu.

Sasa twende Serengeti. Katika vilima vya mawe vya Moru, kusini ya Seronera, ndani ya Hifadhi ya Taifa, mna michoro ya ngao katika mwamba kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo ni ya Wamaasai, waliochunga nyanda hizo mpaka walipohamishwa mwaka 1959. Ngao zao za ngozi zilitiwa alama za namna hiyo hiyo: nusu duara, mistari na vipande vya rangi vilivyotambulisha ukoo na rika la shujaa. Alama hizo hazikuiga kitu, wala hazikuwa za kufikirika. Aliyeziona kwa mbali alijua ni nani anayemjia, na pengine alijua kama akimbie au asubiri. Kuziita dhahania ni kusema kwamba ziliishi fikirani, hali zilibebwa mkononi mchana kweupe. Kuziita mapambo tu ni kuzipunguzia kazi yake.

Kwa hiyo wasomi wa Ulaya waliposifiwa kwa kuvumbua picha isiyoiga, akina Wassily Kandinsky karibu na mwaka 1911 na Kazimir Malevich aliyeonyesha mraba wake mweusi mwaka 1915, upya wao haukuwa katika maumbo yenyewe. Upya ulikuwa katika kuyaondoa kwenye ngao, mlango na nguo, na kuyatundika ukutani yajitegemee.

Baadaye ikaja rangi iliyowafaa. Mkemia Mjerumani Otto Röhm alichunguza mata za akriliki katika tasnifu yake ya mwaka 1901, lakini wachoraji hawakunufaika upesi. Katika miaka ya 1940, mjini New York, Leonard Bocour na Sam Golden walitengeneza rangi ya akriliki ya kuzimuliwa kwa tapentaini. Na katikati ya miaka ya 1950 ikapatikana ile ya kuzimuliwa kwa maji. Kazi yake ni rahisi kueleza. Chembe za rangi na matone madogo mno ya plastiki huelea majini. Maji yakikauka matone hushikamana, yakawa utando usioyeyuka tena kwa maji. Rangi ya mafuta huweza kuchukua siku nyingi kukauka. Akriliki iliyopakwa kwa wepesi hukauka kwa dakika chache.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa anayejifunza. Asipopendezwa na alichofanya, hupaka juu yake bila kungoja wala kuharibu tabaka la chini. Anaweza kuimwaga kama alivyofanya Mmarekani Morris Louis katika turubai lake, kuidondosha, kuikwangua kwa kipande cha kibao, kuichapa kwa jani, au kuitandaza kwa kitambaa. Wasomaji wataona kwamba vitenzi hivi vyote ni vya Kiswahili cha kawaida. Kwa kazi ya mikono hatupungukiwi na neno hata moja. Tunapungukiwa tunapotaka kuipa kazi hiyo jina la heshima.

Hapo tunakutana na tatizo la pili. Vitabu vya ualimu humwambia mwalimu awaruhusu wanafunzi wafanye "jaribio" la rangi, au "wacheze" na rangi. Neno "jaribio" darasani lina harufu ya mtihani. Mtoto hulisikia akaanza kutafuta alama. Neno "mchezo" nalo lina dharau, na mzazi aliyeuza mbuzi kulipia mahitaji ya shule hatapenda kusikia kwamba mwanawe anacheza. Lakini lugha imetupa njia nyingine, nayo ni kurudia kitenzi. Kuchorachora, kupakapaka na kujaribujaribu ni kutenda kwa wepesi, mara kwa mara, bila kujifunga na matokeo. Ni kweli kwamba tumezoea kuyatumia maneno haya kwa kukemea. Lakini maana yake ndiyo hasa inayotakiwa, na neno lililodharauliwa laweza kupandishwa cheo likipewa kazi.

Mapendekezo yetu basi ni matatu. Kwanza, "dhahania" libaki katika sarufi na falsafa, na pale ambapo limekwisha kuingia katika vitabu vya sanaa liambatane na maelezo. Pili, kwa picha isiyoiga kitu, tujaribu "picha ya maumbo", ambayo humwambia mwanafunzi atazame nini badala ya kumwambia kinachokosekana. Tulifikiria pia "nakshi huru", lakini nakshi hudai mpangilio, na picha nyingi za akriliki iliyomwagwa hazina mpangilio huo. Tatu, "akriliki" libaki lilivyo, kwa kuwa ni jina la mata kama "plastiki".

Mapendekezo haya hayafungi mlango. Desturi ya kukuza istilahi zetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kubisha hodi ugenini. Mkoa wa Mara umekwisha kulipa taifa neno moja kubwa: "kung'atuka", la Kizanaki, ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza alipoacha urais mwaka 1985. Kikuria, Kiikoma, Kinata na Kingoreme navyo ni lugha za Kibantu. Walimu wa Tarime na Mugumu wakiwauliza wazee jina la alama ya ngao, la mistari ya kibuyu au la mabaka ya ngozi ya ng'ombe, na kutuletea majibu, huenda tukapata neno bora kuliko hili letu. Tutalichapa kwa furaha.