Samaki wa Tana na Maji Tuliyoyafungia Masinga

Mvua zikipotea, taarifa ya habari inatupeleka Masinga. Kamera inapita kwenye kingo zilizokauka, mtu wa mitambo anatuambia maji yamebaki mita ngapi, na sisi huku nyumbani tunauliza swali moja tu: stima itakatwa? Mvua zikizidi, kamera inarudi palepale, maji yanamwagika juu ya ukuta, na swali linakuwa moja pia: watu wa Garissa na Tana River wahame lini? Hiyo ndiyo historia yote ya Mto Tana ambayo wengi wetu tunaijua. Kiwango cha maji ni stima, au ni maafa.

Mimi nataka tuongee kuhusu samaki. Najua kuna mtu ameshasema, "Wacha we, nchi ina shida kibao na wewe unatuletea kambare." Tulia. Kwa mtu wa Garsen au Ngao huyu kambare ni chakula, ni karo ya shule. Na ukimfuata kambare utaona vizuri jinsi nchi hii imekuwa ikigawa maji tangu uhuru, na nani huwa hayuko kwenye kikao maji yakigawanywa.

Tuanze kabla ya mabwawa. Tana unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unatembea karibu kilomita 1,000, halafu unaingia Bahari Hindi pale Kipini. Kutoka Garissa kwenda chini nchi ni kavu na tambarare, mto unajipinda kama nyoka, na kila ukikata kona mpya unaacha nyuma ziwa dogo mahali ulipokuwa unapita zamani. Mara mbili kwa mwaka, mvua za masika na zile za vuli zikinyesha huko milimani, mto ulikuwa unapanda, kilele kikiwa kama Mei na Novemba. Unavuka kingo, unajaza yale maziwa, unaloanisha mashamba, halafu unarudi nyumbani kwake polepole. Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na ndizi kwa kufuata hayo maji. Waorma walileta ng'ombe kiangazi kwa sababu nyasi zilikuwa huko. Wamunyoyaya wa upande wa Garissa, na hao Wapokomo wenyewe, walivua. (By the way, tune ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwa bembelezi la Wapokomo. Tunausimamia kila siku lakini mto wao hatuujui.)

Watu wengi wanadhani samaki anahitaji maji tu. Mradi mto haujakauka, basi samaki yuko sawa. Hapana. Samaki wengi wa mto kama Tana wanasubiri mto upande. Kambare jike anaweza kukaa na mayai yamekomaa tumboni, na bado akangoja. Maji yakianza kupanda na kufunika nyasi, anatoka mtoni, anaingia kwenye hayo maji ya kina kifupi na kutaga usiku kwenye majani. Huko ndiko vifaranga wanapata joto, wadudu wa kula, na mahali pa kujificha. Baada ya wiki kadhaa maji yanaanza kushuka, na samaki wachanga wanarudi mtoni au wanabaki kwenye maziwa madogo mpaka msimu mwingine. Kamongo naye akikosa maji anajichimbia matopeni na kulala huko, akingoja mafuriko yamwamshe. Mkunga ndiye ana safari ndefu kuliko wote: anazaliwa baharini, anapanda mto akiwa mdogo kama uzi, anakaa huko juu miaka mingi, halafu anashuka tena baharini kwenda kuzaa na kufa.

Kwa hivyo mafuriko ya kawaida, yale ya kila mwaka, ndiyo yalikuwa wodi ya kujifungulia. Yakikosekana huoni samaki aliyekufa akielea juu ya maji ili uite waandishi wa habari. Unaona tu kwamba mgono ukitolewa majini una samaki wachache kuliko mwaka jana, na mwaka unaofuata ni hivyohivyo.

Sasa mabwawa. La kwanza kubwa lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968. Nchi ilikuwa changa, viwanda vilikuwa vinataka nguvu, na Kenyatta alitaka kuonyesha kwamba Kenya inaweza. Likafuata Kamburu mwaka 1974, na Gitaru mwaka 1978. Hayo matatu yalizalisha stima, lakini hayakuwa na tumbo kubwa. Gitaru, ambalo hadi leo ndilo kituo chetu kikubwa kuliko vyote cha stima ya maji, linahifadhi kama mita za ujazo milioni 20 tu. Mto ukifura, maji yalipita na kwenda zake.

Mwaka uliobadilisha kila kitu ni 1981, mwaka wa Masinga. Mitambo ya Masinga yenyewe ni midogo, megawati 40, lakini ziwa lake linabeba takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Linganisha na hizo milioni 20 za Gitaru. Masinga lilijengwa hasa liwe tangi: lipokee maji ya mvua, liyashike, liyatoe kidogokidogo kiangazi ili mitambo ya Kamburu, Gitaru na Kindaruma isilale njaa. Kiambere likaongezwa kule chini mwaka 1988. Kama kazi ya uhandisi, mimi naivulia kofia. Tatizo ni kwamba kushika maji ya mvua na kuyatoa kiangazi maana yake ni kufuta msimu. Kilele kinakatwa, shimo linafukiwa, na mto unakuwa karibu sawa mwaka mzima. Mtu wa mitambo anapenda hivyo. Kambare aliyebeba mayai hana cha kufanya na mto wa namna hiyo.

Angalia pia ni maji gani yanashikwa kwanza. Mwisho wa kiangazi ndipo Masinga liko chini zaidi, kwa hivyo maji ya kwanza ya msimu yanaingia tumboni mwake. Hayo ya kwanza ndiyo samaki wa huko chini walikuwa wanayangoja.

Kuna kitu kinaniuma zaidi hapa. Bwawa huweza kumeza mafuriko madogo na ya wastani, yale yenye faida, lakini halina uwezo wa kumeza mafuriko makubwa kabisa. El Niño ya 1997 na 1998, mwaka 2018, na tena 2024, mabwawa yalijaa yakamwaga, na maji yakafagia vijiji. Sisemi mabwawa ndiyo yaliyoleta mvua, na kuna mito mingine inayoingia Tana chini ya Kiambere ambayo haina bwawa lolote. Lakini mtu wa huku chini amebaki na hesabu mbaya: mafuriko yaliyokuwa yanamlisha yamepungua, yanayomfukuza nyumbani bado yanakuja. Na katikati ya hapo, watu wamezoea kulima na kujenga karibu zaidi na mto kwa sababu mto ulionekana umetulia.

Tope nalo limeshikwa. Tana ulikuwa unashuka na udongo mwekundu wa milimani, rutuba ya bure. Sehemu kubwa siku hizi inatua Masinga, ambako inakula nafasi ya maji. Hasara mara mbili.

Nisiwe mnafiki lakini. Masinga limeleta samaki pia. Kuna wavuvi wa upande wa Machakos na Embu ambao hawangekuwa wavuvi bila hilo ziwa. Wanavua tilapia, kambare, na samaki wa kuletwa kutoka ng'ambo. (Kuleta samaki wa nje kwenye maji ya Tana ni tabia ya zamani: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti kutoka Uskoti kwenye Mto Gura, unaomimina maji yake Tana, ili Wazungu wapate mchezo wa kuvua. Huyo trauti alipata sheria za kumlinda mapema sana. Kambare wa Pokomo hadi leo anangoja.) Ila hata huyu samaki wa bwawani anaishi kwa ratiba ya stima. Tilapia dume anachimba kiota chake kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo. Kiwango kikishuka haraka kwa sababu mitambo inataka maji, kiota kinabaki juu ya nchi kavu. Mwaka wa ukame wa 2009 maji yalishuka mpaka mitambo ya Masinga ikazimwa. Sisi tulikumbuka giza. Wavuvi wa ziwani nao walikuwa na msimu wao uliopotea, na huo hautajwi popote.

Tukija kwenye sheria. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, ina kitu kinaitwa akiba: maji ambayo lazima yabaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa viumbe wa majini. Ukisoma mara ya kwanza unapiga makofi. Kisha unaangalia inavyopimwa, na unakuta kipimo ni cha chini: mto usishuke kupita kiasi fulani. Ni sheria ya kiangazi. Kwa mto wenye bwawa kama Masinga hiyo ni rahisi sana kutimiza, manake bwawa lenyewe linaongeza maji ya kiangazi. Unaweza kutii kipimo hicho siku 365, na bado kambare asipate hata siku moja ya kutaga. Hakuna kipimo cha juu kinachosema kwamba mwezi wa Mei, kwa siku kadhaa, mto lazima uvuke kingo.

Na si eti ni wazo jipya. Zambia walipojenga bwawa la Itezhi-Tezhi kwenye Mto Kafue miaka ya 1970, ukuta uliongezwa uwezo makusudi ili mwezi wa Machi waachilie mita za ujazo 300 kwa sekunde kwa wiki nne, kwa ajili ya nyanda za Kafue na samaki wake. Utekelezaji haukuwa mzuri miaka yote, maana wenye mitambo wana macho yao, lakini iliandikwa na kujengwa. Afrika Kusini, chini ya bwawa la Pongolapoort, maji yaliachiliwa kwa makusudi kwenye uwanda wa mafuriko, na hata huko wavuvi na wakulima walivutana: mmoja anataka maji mapema, mwingine anaogopa shamba lake lisombwe. Miaka ya 1980 kamati za wanavijiji ziliingia kwenye uamuzi wa maji yaachiliwe lini. Kwetu hapa, wataalamu waliochunguza mpango wa bwawa jingine la Tana miaka ya 1990 walipendekeza kitu kama hicho, mafuriko ya kutengenezwa mara mbili kwa mwaka. Bwawa halikujengwa, na pendekezo likalala nalo.

Ndiyo maana nayaandika haya sasa. High Grand Falls imerudi mezani. Ni bwawa linalopangwa chini ya Kiambere, upande wa Kitui na Tharaka Nithi, lenye tumbo kubwa kuliko Masinga mara kadhaa. Kumbuka ile mito nimesema haina bwawa, kama Mutonga inayotoka mashariki ya Mlima Kenya. Hiyo ndiyo imekuwa ikiwapa watu wa chini mafuriko kidogo yaliyobaki tangu 1981. Bwawa hili litaikamata.

Mimi sipingi stima, na sitaki mtu aniambie nirudi kwenye koroboi. Lakini hesabu imebadilika. Mwaka uleule wa 1981 Masinga lilipofunguliwa, mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kazi ukiwa na megawati 15. Leo mvuke wa ardhini ndio unaoongoza katika kuizalishia Kenya stima. Mwaka 2000 ukame ulitutia gizani kwa sababu karibu kila kitu kilitegemea Tana. Siku hizi si hivyo. Kuachilia maji kwa siku kumi mwezi wa Mei katika mwaka wa mvua nzuri kuna gharama, ndiyo, lakini ni gharama ambayo mtu anaweza kukaa chini na kuipiga hesabu. Na siku hizo kumi zisiangukie watu kama radi: zitangazwe mapema, zijulikane Bura, Hola, Garsen mpaka Kipini, ambako kamba wa ghuba ya Ungwana nao wanategemea maji ya mto huu.

Kwa hivyo vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, nina maswali matatu ya kubeba, na nyie wa Tana River mtakuwa na mazuri zaidi. Maji yataachiliwa mwezi gani, mita za ujazo ngapi kwa sekunde, kwa siku ngapi? Yameandikwa kwenye mkataba wenyewe, au kwenye ripoti ya mazingira ambayo hakuna mtu ataifungua tena? Na nani atakuwa na sauti siku mlango wa bwawa unapofunguliwa: mtu wa mitambo peke yake, au na mvuvi wa Garsen pia? Kikao kimoja tu Nairobi, hotelini, asubuhi ya Jumanne, hakitoshi. Nauli ya kutoka Kipini mnaijua.