Namba za ajali hospitalini: Jinsi mwendesha baiskeli anavyopotea katika takwimu

MAJERUHI wa ajali ya barabarani anapofikishwa hospitalini, mambo mawili tofauti hupaswa kuandikwa katika faili lake. La kwanza ni jeraha alilopata. La pili ni kisa kilicholeta jeraha hilo.

Jambo la kwanza humwongoza daktari katika tiba. La pili huliwezesha taifa kujua ni nani wanaoumia, wamegongwa na nini, na ni barabara zipi zinazohitaji njia ya pembeni kwa ajili ya baiskeli na waenda kwa miguu.

Taarifa hizo hubadilishwa kuwa namba kwa kufuata Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaosimamiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Toleo la 10, linalojulikana kama ICD-10, lilipitishwa Mei 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama mwaka 1994.

Katika toleo hilo, majeraha yenyewe yamo kwenye sura ya 19, kwa herufi S na T. Visababishi vya nje vimo kwenye sura ya 20, na ajali za vyombo vya usafiri hubeba herufi V.

Kundi la V01 hadi V09 ni la waenda kwa miguu, V10 hadi V19 la waendesha baiskeli na abiria wao, na V20 hadi V29 la pikipiki, ambamo huingia bodaboda. Bajaji na vyombo vingine vya magurudumu matatu vyenye injini vimetengewa V30 hadi V39. Hufuata magari madogo (V40 hadi V49), pikapu (V50 hadi V59), malori (V60 hadi V69) na mabasi (V70 hadi V79).

Kanuni kuu ni kwamba kundi hufuata chombo alichokuwamo majeruhi, si kile kilichomgonga. Mwendesha baiskeli aliyegongwa na lori hubaki katika kundi la baiskeli. Tarakimu inayofuata ndiyo inayoonyesha aligongana na nini: V12 ni pikipiki au bajaji, V13 ni gari dogo au pikapu, na V14 ni lori au basi. Aliyeanguka mwenyewe bila kugongana na chochote huandikwa V18.

Tarakimu ya mwisho, baada ya nukta, hueleza nafasi yake. Kwa baiskeli, 4 ni mwendeshaji aliyeumia barabarani na 5 ni abiria wake, kwa mfano mtoto aliyepakiwa kwenye keria. Hivyo, mwendesha baiskeli aliyegongwa na pikapu barabarani na kuvunjika mfupa wa muundi hupewa namba mbili: S82.2 kwa jeraha, na V13.4 kwa kisa.

Yapo mazingira yanayohitaji uangalifu zaidi. Mtu anayekokota baiskeli yenye magunia ya mkaa kupandisha kilima hahesabiwi kuwa mwendesha baiskeli. Yeye ni mwenda kwa miguu, sawa na msukuma mkokoteni. Daladala iliyoundwa kubeba zaidi ya watu 10 huingia katika kundi la mabasi. Kondakta anayening'inia nje ya mlango, na abiria anayeumia wakati wa kupanda au kushuka, kila mmoja ana tarakimu yake.

Hata hivyo, mtunza kumbukumbu hana uwezo wa kuandika namba ya jambo ambalo halimo katika faili. Mara nyingi daktari au muuguzi aliyeelemewa na wagonjwa huandika herufi tatu tu, RTA, yaani ajali ya barabarani, kisha huendelea na tiba. Kwa maelezo hayo pekee, kanuni huelekeza namba V89.2, ambayo ni ajali ya barabarani isiyobainishwa. Hapo mwendesha baiskeli, abiria wa bodaboda na dereva wa lori huwa kitu kimoja, na mwendesha baiskeli hatoweki kwa sababu hakuumia, bali kwa sababu hakuandikwa.

Nchini Tanzania, majeruhi wa ajali huhusishwa pia na fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, ambayo daktari huijaza na ambayo hutumika kama ushahidi. Fomu hiyo si mbadala wa faili la hospitali. Maelezo yanayokinzana baina ya nyaraka hizo mbili yanaweza kumletea usumbufu majeruhi anapodai fidia ya bima au anapofika mahakamani.

Uandishi huo una uzito hata baada ya kifo. Aliyefariki kwa jeraha la ubongo baada ya kugongwa haandikwi kwa jeraha hilo peke yake. Kanuni za WHO zinataka chanzo cha msingi cha kifo kiwe ajali yenyewe. Hati ikitaja jeraha tu, ajali hufutika.

Pengo la takwimu linaonekana wazi. Katika ripoti ya WHO ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, vifo vilivyoripotiwa Tanzania kwa mwaka 2016 vilikuwa zaidi ya 3,200, ilhali makadirio ya shirika hilo yalizidi 16,000. Pengo hilo halitokani na uandishi wa hospitalini pekee, lakini kila faili lisilokamilika hulififisha zaidi jibu.

Toleo jipya, ICD-11, lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza rasmi Januari 1, 2022. Linaruhusu kuunganisha namba kadhaa ili kueleza tukio kwa undani, ingawa nalo hutegemea maelezo yaleyale ya mwanzo.

Maelezo hayo hayazidi sentensi moja: majeruhi alikuwa katika chombo gani, akiwa mwendeshaji au abiria, aligongana na nini, ilikuwa barabarani au penginepo, na alikuwa akifanya nini. Mgonjwa asiyejitambua huweza kusemewa na msamaria aliyemleta, iwapo ataulizwa kabla hajaondoka.