Sindano ya Frank Humplick

Sisi wa Kirua Vunjo tukitaja Moshi ya miaka ya 1950, tunataja kahawa na KNCU. Mimi naongeza sindano. Frank Humplick wa Moshi na dada zake waliimba kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Mfereji wa santuri hizo ni mpana, unataka sindano ya mikroni kama 75. Gramafoni ya kutia ufunguo iliukandamiza kwa gramu zaidi ya 100, na sindano ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila upande. Wazee wanasimulia sindano moja ikipiga harusi nzima! Basi wimbo uliopendwa zaidi ndio uliolika zaidi.

Leo nyimbo hizo zimetolewa upya kwenye LP. Hapa sindano ni nyembamba, uzito gramu 2 hivi, na mkono lazima uendane na katriji: katriji laini, mkono mwepesi, ngumu, mkono mzito. La sivyo besi inayumba na sindano inaruka.

Sindano hiyo ya LP ukiiweka kwenye santuri ya babu, itazama chini ya mfereji na kuokota mikwaruzo tu. Kwa hiyo ndugu yangu, usiitupe ukidhani imekufa. Tafuta kwanza sindano yake.