Hela ya Chupa: Sheria ya Urejelezaji Imlazimishe Nani?

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa likimwaga taka katikati ya makazi yao, taka zikiwaka na moshi ukiingia majumbani. Mahakama iliamuru umwagaji ukome. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akaihusisha hoja ya wakazi na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Hukumu hiyo husomwa na wanasheria wa mazingira hadi leo, na inastahili. Kilichofuata hakisimuliwi sana. Taka zilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Wakazi wa Tabata walishinda kesi, na jiji likapata majirani wengine wa kuwamwagia.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa iwapo urejelezaji wa taka uwe lazima kisheria mara nyingi huendeshwa kana kwamba sheria haipo. Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa, zikiwemo zile zinazoweza kurejelezwa. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam maganda ya ndizi, chupa za maji, majivu na nepi bado huingia kwenye kiroba kimoja, kiroba hupakiwa kwenye guta, guta humwaga kwenye kizimba, na lori likija hubeba vyote kwa pamoja. Mama anayejihimu kutenganisha hushuhudia kazi yake ikivurugwa mlangoni kwake. Akiacha kutenganisha mwezi unaofuata, sioni kosa lake.

Swali lenye maana, basi, ni nani alazimishwe na kwa mpangilio gani. Hoja ya makala haya ni kwamba wa kwanza awe aliyeingiza kifungashio sokoni, wa pili halmashauri, na mwenye nyumba afuate baada ya hao wawili kutimiza yao. Mpangilio uliopo umepinduliwa: aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayefikiwa kwanza na mgambo.

Tazama ugumu wa kuanzia nyumbani hata penye fedha na magari. Mji wa Seattle, Marekani, ulipiga marufuku mabaki ya chakula kwenye pipa la taka za kawaida kuanzia mwaka 2015, na faini iliyowekwa kwa nyumba ya familia moja ilikuwa dola 1. Hata hiyo dola moja ilihitaji mtu wa kuchungulia pipa. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 jaji akaamua kwamba wazoa taka hawaruhusiwi kupekua mapipa ya watu bila kibali. Katazo lilibaki, njia ya kulisimamia ikaondoka. Sasa hamishia jambo hilo Manzese au Mbagala, ambako nyumba moja ina wapangaji sita na kiroba cha taka hakina jina. Nani atapigwa faini? Jibu la kweli ni yule atakayekutwa nje siku hiyo, na faini itaishia mfukoni mwa aliyemkuta.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa urejelezaji hulipita haraka. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na vitu vinavyooza. Hivyo havihitaji kiwanda cha kurejeleza. Vinahitaji kutochanganywa na vingine ili viwe mboji au chakula cha mifugo. Kwa hiyo hata siku ambayo mwenye nyumba atalazimishwa, mafungu mawili yatamtosha, kinachooza na kisichooza. Mapipa manne ya rangi nne yanayopangwa kwenye kumbi za mikutano ni mapambo.

Katika visivyooza, soko limekwisha kufanya uchambuzi wake. Chuma chakavu hakikai barabarani, kwa kuwa viwanda vya nondo vinakisubiri. Makopo ya alumini huokotwa yote, kwani kuyeyusha alumini iliyotumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini, na faida hiyo humfikia hata mwokotaji, japo kwa kiasi kidogo. Chupa za plastiki za maji na soda hununuliwa kwa kilo, bei ikipanda na kushuka kwa kufuata bei ya mafuta duniani: mafuta yakiwa rahisi, plastiki mpya nayo huwa rahisi, na chupa kuukuu hukosa mnunuzi. Vipakiti vya sabuni, vya krips na vya viungo havina mnunuzi kabisa, maana vimeunganishwa kwa tabaka za vitu tofauti visivyotenganishika kwa gharama inayolipa. Hadi mwaka 2015 dunia ilikuwa imezalisha tani bilioni 6.3 za taka za plastiki, na takriban asilimia 9 tu ndizo zilizokuwa zimerejelezwa. Sheria inayosema kila kitu kirejelezwe inaamuru lisilowezekana. Matokeo yake ni moto nyuma ya nyumba.

Tulikwisha kuwa na mfumo wa urejeshaji uliofanya kazi, na hakuna Bunge lililoutunga. Kwa miongo mingi soda na bia ziliuzwa katika chupa za kioo zilizorudi kiwandani, kuoshwa na kujazwa tena. Kreti lenye chupa 24 lilikuwa na thamani yake mbali na kinywaji kilichomo. Muuza jumla alililipia kiwandani, mwenye duka akalilipia kwa muuza jumla, na mtoto aliyetumwa soda alikwenda na chupa tupu mkononi. Asiyekuwa na chupa aliacha hela ya chupa kwa Mangi, au alikunywa palepale, amesimama, chini ya jicho la mwenye duka. Chupa iliyoachwa kwenye kona ya uwanja wa mpira haikulala hapo. Kabla ya magharibi mtoto fulani alikuwa ameiuza. Mfumo huo bado uko hai kwenye bia na baadhi ya soda.

Kiwanda hakikufanya hivyo kwa mapenzi ya mazingira. Chupa ya kioo ilikuwa ghali, na mwenyewe aliitaka irudi. Ilipokuja chupa ya plastiki, nyepesi na rahisi, kiwanda hakikuwa tena na sababu ya kuitafuta. Gharama ya kukusanya chupa ilitoka kwenye vitabu vya kiwanda ikaingia kwenye mtaro wa Jangwani. Haikupungua hata senti. Ilibadilisha mlipaji tu, na mlipaji mpya ni halmashauri inayozibua mitaro, pamoja na familia za bonde la Msimbazi zinazotoa maji ndani kwa ndoo kila masika. Uhamisho huo wa gharama haukupigiwa kura popote, na ndio unaohalalisha sheria kuingilia. Anayedai kwamba sheria itaharibu soko huria asisahau kwamba soko hili linapewa ruzuku, na ruzuku hiyo inatolewa na wakazi wa mabondeni.

Uzoefu wetu wenyewe unaonyesha sheria hushika wapi. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 iliweka faini kwa kila mtu, kuanzia shilingi 30,000 kwa mtumiaji hadi shilingi bilioni 1 kwa mzalishaji. Mifuko haikutoweka Kariakoo kwa sababu mamilioni ya wanunuzi walipekuliwa. Ilitoweka kwa sababu viwanda na mipaka vilifungwa, na hivyo ni vichache na vinajulikana vilipo. Hata ufa uliojitokeza baadaye ulitokea kwa wazalishaji: vifungashio vyepesi vilivyoruhusiwa kwa ajili ya kufungia bidhaa vikaanza kutumika kama mifuko ya kubebea, hadi serikali ikalazimika kutoa katazo jingine. Kabla ya hapo, marufuku ya pombe kali ya viroba ya tarehe 1 Machi 2017, ambayo lengo lake kubwa lilikuwa ulevi wa vijana, iliondoa aina nzima ya takataka kwenye vituo vya daladala bila kumgusa mnywaji mmoja mmoja. Kwa vipakiti visivyo na mnunuzi, njia ni hiyo: kuvizuia au kuvitoza vinapotoka kiwandani.

Kwa chupa, njia iliyojaribiwa ni kuirudisha hela ya chupa kwa nguvu ya sheria. Jimbo la Oregon, Marekani, lilitunga sheria hiyo mwaka 1971, likiweka amana ya senti 5 kwa kila chupa. Senti 5 zilikaa pale pale miaka kwa miaka huku zikiliwa na mfumuko wa bei, na watu wakaanza kuzitupa pamoja na chupa. Hatimaye jimbo lilikubali kanuni inayojirekebisha: urejeshaji ukishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana inapanda. Ukashuka, na mwaka 2017 amana ikawa senti 10. Mtungaji wa sheria wa kwetu angefaa kuinakili kanuni hiyo neno kwa neno, maana amana ya shilingi mia iliyoandikwa bila utaratibu wa kupanda itakuwa mzaha baada ya miaka kumi. Ujerumani, iliyoanza amana ya lazima kwa chupa na makopo ya kutumika mara moja mwaka 2003, ina funzo la upande wa pili. Vifungashio hivyo sasa hurudi karibu vyote, lakini chupa za kujazwa tena, ambazo sheria ilikusudia kuzilinda, ziliendelea kupoteza soko la maji na soda. Amana peke yake hukusanya chupa. Hailazimishi kiwanda kuchagua chupa iliyo bora.

Itasemwa kwamba kiwanda kitampandishia mlaji bei. Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana natofautisha amana na tozo. Kenya ilitunga sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, inayomtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya matumizi, na nadhani upande huo wametutangulia. Lakini Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipoongeza ushuru wa mazingira juu ya bidhaa mbalimbali, ushuru huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatoa vijana barabarani, na mwezi Juni muswada mzima ukaondolewa. Wananchi waliona fedha inayokwenda hazina na haina njia ya kurudi. Hela ya chupa hurudi siku hiyohiyo, na asiyeifuata humwachia anayeihitaji.

Pingamizi zito zaidi ni la utekelezaji, kwa kuwa wafungashaji wa maji ni wengi na baadhi ni wadogo mno. Hapa serikali ina chombo ambacho sijaona kikitajwa katika mjadala huu. Tangu mwaka 2019 Mamlaka ya Mapato imekuwa ikiweka stempu za kodi za kielektroniki kwenye vinywaji, ikianza na pombe, ikafuata soda, kisha maji na juisi. Maana yake dola tayari inahesabu chupa moja moja inapotoka kiwandani. Inayoweza kuhesabu chupa kwa ajili ya kodi inaweza kuihesabu kwa ajili ya amana, na asiyebandika stempu atakuwa amekosa mara mbili.

Wanaookota chupa wasisahauliwe, kwani wao ndio mfumo wa urejelezaji tulionao. Kenya ilipositisha biashara yote ya chuma chakavu mwezi Januari 2022, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, waokotaji ambao hawajawahi kugusa mnara wa umeme walikosa riziki hadi Mei. Sheria iliyoandikwa na watu wasiowaona waokotaji huwadhuru hata bila kukusudia. Kwa hiyo sheria ya amana iseme wazi kwamba malipo ni kwa chupa na wala si kwa kilo, kwamba duka lolote linalouza chupa hizo lipokee tupu kutoka kwa yeyote bila kudai kitambulisho wala risiti, na kwamba chupa iliyochafuka kwa tope la mtaro inalipwa sawa na ile iliyotoka hotelini. Mashine za kumeza chupa zinazowekwa kwenye maduka makubwa ya Masaki hazitamsaidia mtu wa Vingunguti.

Limebaki suala la fedha za chupa zisizorudi, nalo ndilo litakalopiganiwa kimyakimya wakati wa kuandika kanuni. Oregon huziacha mikononi mwa wasambazaji wa vinywaji. Michigan huchukua asilimia 75 kwa ajili ya jimbo na kuwaachia wauzaji asilimia 25. Kumwachia mzalishaji ni kumlipa kwa kila chupa inayopotea, na atahakikisha zinapotea. Zikienda hazina zitayeyuka. Napendekeza ziende kwa halmashauri ambako kinywaji kiliuzwa, kwa masharti ya matumizi mamoja tu: kununua na kuendesha magari yanayobeba mabaki ya chakula peke yake. Gari hilo likishapita kwenye mtaa kwa mwaka mzima bila kukosa, hapo sheria ndogo inaweza kumtaka mwenye nyumba atenganishe, na faini itakuwa na uso wa kumtazama nayo. Mapato hayo yatapungua kadiri chupa zinavyorudi, na halmashauri italazimika kutafuta fedha za magari kwingine. Hilo ni la bajeti, na baraza la madiwani ndilo pa kulijadili.