Taa ya Injini Inawaka na Kuzima Yenyewe? Usinunue Parts Bado

Iko hivi. Uko Thika Road na Fielder ya 2005, jioni, jam imeshika Allsops, halafu ile taa ya njano yenye mchoro wa injini inawaka. Gari inatetemeka kidogo, inatulia. Kesho yake ukifika kwa fundi, taa imezima. Fundi anasikiza injini, anakwambia ni plagi. Unanunua nne. Wiki mbili baadaye taa imerudi. Sasa ni koili. Halafu ni sensa. Halafu unaambiwa kompyuta ya gari imeharibika. Kufika hapo ushamwaga ngiri kibao na bado hujui ndai yako inaumwa na nini.

Kama hiyo gari ndiyo inakulipia rent, labda uko kwa taxi za app ama unabeba mzigo wa soko na Probox, huu si mchezo. Soma hii kabla utoe doh ingine.

Kitu ya kwanza: taa kuzima si kupona. Kwa makosa mengi, kompyuta ya injini haiwashi taa mara ya kwanza. Ikiona kosa safari moja, inaliandika pembeni na kungoja. Ikiliona tena safari inayofuata, ndio inawasha taa. Baadaye, safari tatu zikipita mfululizo bila hilo kosa, inazima taa yenyewe. Lakini namba ya kosa haijaenda popote. Kwa kawaida inabaki kwa memori mpaka injini ipate moto kutoka baridi mara 40 bila shida kurudi. Hiyo ndiyo mpangilio ya OBD-II, mfumo ambao Marekani iliufanya lazima kwa magari madogo kuanzia 1996, na magari mengi ya Japan ya miaka ya 2000 yanafanya kazi kwa njia inayofanana.

Kuna kitu tamu zaidi ya namba. Kosa likitokea, kompyuta hupiga picha ya hiyo dakika: injini ilikuwa inazunguka kiasi gani, ilikuwa na joto ngapi, gari ilikuwa spidi gani, ilikuwa inabeba mzigo kiasi gani. Mafundi wa mashine wanaiita freeze frame. Kwa shida yenye inakuja na kuenda, hiyo picha ndiyo shahidi wako. Ikikuonyesha injini ilikuwa baridi na gari imesimama, hiyo ni hadithi moja. Ikionyesha ulikuwa 90 kwa saa unapanda mlima, hiyo ni ingine kabisa.

Sasa, hapa ndipo wasee wengi wanachomwa. Fundi anatoa waya ya betri dakika chache, anarudisha, taa imepotea, unalipa, unashukuru. Ukweli ni kwamba ushahidi wote umefutwa na shida iko palepale. Akishika spana kuelekea betri, mwambie pole pole, "Boss, bado. Tusome kwanza." Na mashine ikisomwa, piga picha ya skrini na simu yako, namba zote pamoja na hiyo freeze frame, kabla mtu yeyote aguse kitufe cha kufuta.

Kabla tuendelee, tofautisha hizi. Taa ya injini ya njano ikiwaka bila kupepesa na gari inakimbia poa, unaeza fika home, lakini fuatilia hiyo maneno karibuni. Ikipepesa huku gari inatetemeka, maana yake kuna silinda haichomi petroli, na hiyo petroli mbichi inaenda kuungulia kwa ile kitu ya ekzosi iliyo kama sega la nyuki ndani. Ikichemka sana inaharibika, na bei yake itakufanya ulie. Toa mguu kwa mafuta, weka gari kando, usiendelee kusukuma. Taa nyekundu ya oil ama ya joto ni case tofauti: simama mahali salama, zima injini hapo hapo.

Kusoma namba sasa. Soketi iko chini ya dashibodi, upande wa dereva, ina matundu 16. Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya kuchomeka na kusoma kwa simu vinasaidia kwa gari nyingi. Lakini jua hii: magari ya mwanzo wa miaka ya 2000 yaliyotengenezewa soko la Japan mara nyingi yako na hiyo soketi na bado hayaongei lugha moja na hivyo vifaa rahisi. App ikikataa kuunganika, usiamue kompyuta imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayochagua Toyota ya Japan kwa menyu.

Kwa Toyota nyingi za hiyo enzi kuna njia ya wazee pia. Ukiunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, halafu uwashe swichi bila kuwasha injini, taa yenyewe inakuhesabia: mapigo ya kumi kwanza, inanyamaza kidogo, halafu ya moja. Ikipepesa sawasawa bila kuacha, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hizo namba mbili mbili ni za Toyota wenyewe, si zile zinaanza na P. Ila tundu namba 16 iko na moto wa betri moja kwa moja, kwa hivyo kama mkono wako unatetemeka, achia fundi hiyo kazi.

Wakati unangoja kusomewa, andika. Kila taa ikiwaka, weka kwa notes za simu: ilikuwa asubuhi injini ikiwa baridi? Baada ya mvua? Ulikuwa umetoka car wash? Ulikuwa umeweka petroli mahali huzoei? AC ilikuwa on? Barabara ilikuwa mbaya? Inaonekana kama kazi ya class six, lakini fundi mzuri atakupenda juu ya hiyo. Maji ya presha ya car wash yakiingia kwa visima vya plagi, gari inaeza miss siku mbili halafu ikauke na ikae fiti. Taa yenye inakuja tu ukipita matuta ni waya, karibu kila mara.

Tuchukue mfano wa injini yenye imejaa hii Nairobi, 1NZ-FE, ile ya 1500cc iko kwa Probox, Fielder nyingi na NZE. Tuseme umesomewa P0302. Hiyo inasema silinda namba 2 inamiss. Haisemi "nunua koili." Hii injini ina koili nne, moja juu ya kila plagi, zote za aina moja, na hapo ndipo unapata jibu bila kutoa hata soo. Zima injini, ipoe, hesabu kutoka upande wa mikanda, yaani upande wa dereva kwa gari zetu: hiyo ni namba 1, inayofuata ni 2. Tumia spana ya 10, toa koili ya namba 2, weka kwa namba 3, na ya namba 3 iende kwa 2. Futa kosa (sasa ndio ruhusa, picha uko nayo), halafu endesha kwa ile hali ilikuwa inaleta shida. Ikirudi P0303, koili ndiyo mwizi, umemfuata mpaka kwa nyumba mpya. Ikibaki P0302, koili iko innocent. Badilishana plagi kwa njia ileile. Bado ni 2? Sasa mnaangalia injekta, waya za kuingia hapo, na presha ya silinda.

Ukichomoa, angalia ile mpira ya koili kama imepasuka, na kama kuna oil ama maji kwa kisima cha plagi. Ukienda Grogan kutafuta ingine, beba ile ya zamani mkononi ulinganishe namba zilizoandikwa juu yake. Feki ziko mob, na koili feki inaeza kukurudisha kwa shida ileile ya taa kuwaka na kuzima, ukidhani ulipima vibaya.

Namba ingine maarufu ni P0171, hewa nyingi kuliko petroli. Hapa watu hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, na hiyo sensa mara nyingi inasema ukweli tu. Angalia mpira wa hewa kutoka kwa air filter mpaka kwa injini, ukunje, utafute nyufa. Uliza kama kuna mtu alibadilisha filter juzi akasahau kufunga clip. Kwa mashine, angalia kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza. Kama inaongeza mingi gari ikiwa imesimama, halafu inapungua ukishikilia injini kama 2500, kuna mahali inavuta hewa ya wizi. Kama inazidi kupanda ukikanyaga, shuku pampu ya petroli, filter yake, ama sensa ya hewa iliyochafuka. Hiyo sensa husafishwa na spray yake maalum, na usiguse kawaya kake na kidole.

Kama namba zinarukaruka, leo sensa hii, kesho ile, achana na sensa zote. Pima betri. Injini ikizima inafaa kuwa kama volti 12.6, ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kaza vichwa vya betri, angalia waya wa ground unaoshika kwa injini na bodi kama umeoza. Halafu injini ikiwa idle, mtu mmoja aangalie mashine, mwingine atikise soketi za waya moja moja. Namba ikiruka ukigusa mahali fulani, umepata. Na usicheke, panya wanakula hizi waya, haswa kama gari inalala karibu na jaa.

P0420 nayo ni ya kujichunga. Inasema ile sega ya ekzosi haifanyi kazi vizuri, lakini ekzosi iliyotoboka karibu na sensa inaeza leta namba hiyohiyo, na injini iliyomiss miezi mingi ndiyo huiua. Ndani yake kuna platinum, palladium na rhodium, madini ya bei. Kwa hivyo mtu akikimbilia kusema "tuitoe tu", muulize itabaki na nani.

Kama ndio unanunua gari ya mkono wa pili, kabla hujatoa deposit washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake hapo, halafu izime injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, kuna mtu ametoa balbu ama ameifunika. Omba pia mashine ionyeshe kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Vingi vikisoma "bado", kumbukumbu ilifutwa juzi, pengine asubuhi hiyohiyo. Mwambie muuzaji utarudi gari ikishaendeshwa siku kadhaa, na utakuja na mashine tena.